Kuchonga upinde wa mti: mahali kazi inapoharibika

Kuchonga fimbo ikapata umbo la upinde ni kazi ya siku moja. Kuifanya ipinde sawasawa mikono yote miwili bila kuujeruhi mti ndiyo kazi yenyewe, na humo ndimo pinde nyingi hupotelea. Baadhi huvunjika mbele ya macho. Zilizo nyingi zaidi hazivunjiki ila zimelala: ukivua upote (kamba ya upinde), upinde unabaki umepinda, mshale unatoka kwa uvivu, na fundi anausingizia mti. Mara nyingi mti hauna kosa.

Hapa nazungumzia upinde bapa wa mti mmoja, wenye mshiko usiopinda, kwa mvuto (umbali upote unaovutwa nyuma) wa sentimita 71 na uzito wa kuuvuta wa kilo 18, yaani ratili 40 hivi. Kwa anayejifunza sioni umbo lililo bora kuliko hilo. Mgongo ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaomtazama mpigaji, mikono ni ile miwili inayopinda, na ncha ni pale upote unapokaa. Ukivuta, mgongo unanyooshwa na tumbo linagandamizwa. Karibu kila kosa nitakalolitaja linatokana na mojawapo ya hayo mawili.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila anayeshika tupa aijue kabla ya kugusa mti. Ugumu wa mkono hufuata upana moja kwa moja: upana ukiwa maradufu, ugumu ni maradufu. Unene ni habari nyingine, kwa sababu unazidishwa kwa wenyewe mara tatu: unene ukiwa maradufu, ugumu ni mara 8. Kwa hiyo ukiondoa nusu milimita tu mahali penye unene wa milimita 12, umepunguza ugumu wa hapo kwa asilimia 12 hivi. Nusu milimita ni tupa kupita mara chache. Ndiyo maana kosa la upana linarekebishika kwa utulivu, na kosa la unene linakushtua.

Tena mti mnene, ukipindwa kiasi kilekile, huumia zaidi kwenye nyuso zake kuliko mwembamba. Mti usiovumilia kugandamizwa unatengenezewa mikono mipana na myembamba, si minene. Wa kale walilijua hilo. Upinde wa Holmegaard, uliopatikana kwenye bwawa la mboji huko Denmark mwaka 1944 na wenye umri wa miaka 9,000 hivi, ni wa mti wa elm (Ulmus): mikono yake ni mipana na bapa, mshiko mwembamba. Pinde zilizotolewa kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama Uingereza mwaka 1545 na kuinuliwa 1982, ni za mti wa yuu (Taxus baccata), nyembamba kwa upana na nene kwa kina, urefu wake kama mita 2. Yuu huvumilia kugandamizwa kuliko miti mingi, elm hauvumilii kiasi hicho. Anayechukua umbo la Mary Rose na kulichonga kwenye mwaloni wa dukani anatafuta tumbo lenye makunyanzi.

Kuchagua na kukausha

Ukikata mti mwenyewe, tafuta shina lililonyooka, kipenyo sentimita 12 hadi 20, urefu usiopungua sentimita 180, lenye angalau upande mmoja usio na mafundo. Angalia gome kwanza. Mistari ya gome ikipanda kwa kulizunguka shina, nyuzi za ndani nazo zinazunguka, na pande utakalopata litakuwa limejinyonga. Pasua kwa kabari, usipasue kwa msumeno. Kabari hufuata nyuzi. Msumeno hufuata mstari uliochora wewe.

Miisho yote miwili ya gogo ipakwe gundi ya mbao, rangi au nta siku hiyohiyo ya kukata. Huko maji hutoka haraka kuliko kwingine, na nyufa huanzia huko na kuingia ndani. Ukiondoa gome mti ukiwa bado mbichi, mgongo nao upakwe, la sivyo utapasuka kwa urefu ndani ya siku chache. Miti inayokatwa wakati inakua kwa nguvu huvuliwa gome kwa mkono, na mgongo unatoka safi bila kuguswa na chuma. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mti ambao uso wake wa nje ndio utakuwa mgongo.

Gogo zima hukauka kwa muda mrefu mno. Lipasue, kisha lipunguze hadi liwe na umbo la upinde mnene, unene wa sentimita 3 hivi, ulifunge kwenye ubao ulionyooka ili lisijikunje, uliweke kivulini penye hewa. Lipime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni, uandike. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili mfululizo, mti umelingana na hewa ya mahali ulipo. Sijui kipimo kilicho rahisi na cha kuaminika kuliko hicho.

Unachotafuta ni unyevu wa asilimia 8 hadi 10 ndani ya mti. Hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huupeleka mti kwenye asilimia 9 hivi; hewa ya asilimia 65 huufikisha kwenye 12, na ya asilimia 30 huushusha hadi 6. Tofauti hizo si ndogo kwa upinde. Mti wa asilimia 12 unapinda kwa raha lakini unalala, na aliyeuchonga hupoteza uzito wa mvuto bila kuelewa umekwenda wapi. Mti wa chini ya 6 unarusha vizuri hadi siku mgongo unapokatika. Hikori (Carya) ndiyo ya kipekee: inapenda ukavu kidogo kuliko mingine, na ikiwa na unyevu inalala vibaya.

Ubao wa kununua nao unafaa, mradi uusome. Angalia mistari ya nyuzi usoni na kwenye kingo zote mbili. Inatakiwa itembee kutoka mwisho hadi mwisho bila kutoka nje pembeni. Mstari ukianzia katikati ya mkono na kuishia ukingoni, hapo nyuzi zimekatwa na ndipo ubao utakapofunguka. Katika rundo zima la mwaloni mwekundu unaweza kupata ubao mmoja tu unaofaa, wakati mwingine hakuna. Rudi mikono mitupu. Kubandika kitambaa cha kitani mgongoni husaidia kuzuia vibanzi visinyanyuke, lakini hakigeuzi ubao mbaya kuwa mzuri.

Mgongo

Hapa sibembelezi mtu. Mgongo wa upinde wa mti mmoja lazima uwe uso mmoja wa nyuzi ambazo hazijakatwa, toka ncha hadi ncha.

Kwa hikori, elm, mepo (Acer) na jamii ya Fraxinus, uso ulio chini ya gome ndio mgongo; toa gome, toa utando wa ndani, acha hapo. Kwa mti wa Osage (Maclura pomifera), robinia na mforosadi, mafundi wengi huondoa ule mti mweupe wa nje na kufuata pete moja ya ukuaji (tabaka la msimu mmoja) ndani ya kiini. Kwa yuu, mti mweupe huachwa mgongoni, milimita 5 hadi 7, kwa sababu unavumilia kunyooshwa huku kiini chekundu kikivumilia kugandamizwa. Miti mingi ya nchi za joto haina pete zinazosomeka. Usihangaike kuzitafuta: uso wa chini ya gome ndio mgongo wako. Fito za jamii ya mkole (Grewia), kwa mfano, zinafaa kabisa bila kusoma pete.

Kufuata pete ni kazi ya subira, na sikio linasaidia kuliko jicho. Kila pete ina sehemu mbili: ya mwanzo wa msimu, yenye vitundu na laini, na ya baadaye, ngumu na yenye rangi nzito. Kisu cha mikono miwili kikiwa ndani ya sehemu ya vitundu kinakwaruza, na kinachotoka ni chengachenga na vumbi. Kikigusa sehemu ngumu sauti inakatika, kinateleza, na utepe mrefu unajikunja juu ya ubapa wake. Ukisikia hivyo, acha kisu. Malizia vitundu vilivyobaki kwa kikwangulio. Chagua pete yenye unene usiopungua milimita 3 kama mti unayo, kwa sababu pete nyembamba zinatobolewa kwa kupitiwa kidogo tu, na ukiitoboa hakuna njia ila kushuka hadi pete inayofuata mkono mzima.

Pete ikipanda juu ya fundo, panda nayo. Mgongo utakuwa na kilima hapo, kiache. Ukikisawazisha kwa tupa kwa kuwa hakipendezi, umekata nyuzi zinazozunguka fundo, na hapo hata upinde wa kilo 12 utafunguka. Upana nao uongezwe milimita kadhaa kila upande wa fundo ili nyuzi zipite bila kubanwa.

Kuchora na kupunguza

Upinde wetu una urefu wa sentimita 170. Urefu huu si wa kubahatisha: mvuto mara mbili ni 142, sehemu isiyopinda katikati ni 20, na zilizobaki ni akiba. Anayefupisha hadi 155 apate upinde wa kubebeka anaomba mti upinde zaidi ya uwezo wake.

Chora mstari wa kati ukifuata nyuzi, hata kama mstari huo unatembea kama mto. Nyuzi zikipinda kushoto sentimita moja, upinde nao upinde hapo. Kisha funga uzi ncha hadi ncha uone kama unapita juu ya mshiko. Ukipita pembeni kwa zaidi ya sentimita moja, itabidi mkono mmoja unyooshwe kwa mvuke, dakika 40 hivi, kisha ufungwe kwenye ubao mpaka upoe na kukauka upya.

Mshiko ni sentimita 10, na kila upande sentimita 5 za kuteremka kutoka unene wa mshiko hadi unene wa mkono. Inabaki mikono ya sentimita 75 kila mmoja. Upana uwe sentimita 4.5 kuanzia mwisho wa mteremko hadi nusu ya mkono, kisha uchongoke taratibu hadi sentimita 1.5 nchani, ule wa mwisho, sentimita 1.2 au 1, utafanywa baadaye kabisa. Unene wa kuanzia ni milimita 16 karibu na mteremko na 12 karibu na ncha. Chora mistari ya unene kwenye kingo zote mbili kwa kuifuata sura ya mgongo: mgongo ukiwa na bonde, mstari nao uwe na bonde. Shoka dogo kwanza, kisha kisu cha mikono miwili, kisha tupa ya meno makubwa. Ukifika kwenye mstari, weka vyote chini isipokuwa tupa na kikwangulio.

Pembe za mgongo zizungushwe mapema, kabla ya kupinda chochote. Pembe kali ndipo kibanzi cha kwanza huinuka.

Ukibandika kipande cha mshiko badala ya kukichonga kwenye mti uleule, jihadhari na mteremko. Mti ulio chini ya gundi ukipinda hata kidogo, gundi inaachia kwa mlio unaodhani upinde wote umekwenda. Sababu ni kwamba mkono umepunguzwa mno karibu na mshiko. Acha milimita 1 hadi 2 zaidi hapo, mpindo uanze sentimita 3 nje ya mteremko.

Kusawazisha mpindo

Kwa mafundi wazoefu hii ni nusu ya kazi yote, na mtu akiniambia ameimaliza kwa saa moja, najua upinde wake umelala.

Anza sakafuni. Simamisha ncha moja chini, shika ncha ya juu kwa mkono mmoja, sukuma mshiko kwa mwingine, tazama mkono wa chini unavyopinda. Usitazame umepinda kiasi gani. Tazama umepinda wapi. Sehemu iliyonyooka ni ngumu, punguza tumbo lake. Ukiona mikono yote miwili inapinda kama uta mzuri sentimita chache bila kulazimishwa, hamia kwenye nguzo ya kupimia.

Nguzo hiyo ni ubao uliosimamishwa ukutani, wenye kitako cha kukalia mshiko juu na roda chini, kamba ikipita kwenye roda hadi mkononi mwako ukiwa umesimama mita 3 mbali. Kazi ya umbali ni mbili: unaona umbo zima kwa mara moja, na upinde ukivunjika haukupati usoni. Weka mizani ya ndoano kati ya kamba na upote. Ukutani nyuma yake chora mistari ya mlalo kila sentimita 5.

Upote wa kwanza uwe mrefu, urefu wake ukizidi kidogo tu wa upinde, unaning'inia bila kukaza. Ukiwa mrefu mno unadanganya: unavuta ncha kwa pembe isiyo yake na mikono huonekana dhaifu kuliko ilivyo karibu na mshiko. Vuta hadi ncha zisogee sentimita 5. Tazama. Legeza. Weka alama kwa penseli mahali pagumu, kwangua, vuta taratibu mara 20 au 30 bila kuzidisha, halafu ndipo uhukumu. Hizo mara 20 watu huziruka. Mti haubadiliki papo hapo. Nyuzi ulizopunguza zinahitaji kuvutwa ndipo umbo jipya lionekane. Anayeziruka huondoa, haoni badiliko, huondoa tena, kisha hushtukia badiliko mbili kwa pamoja.

Kuna kanuni mbili ambazo sijaona sababu ya kuzivunja. Ya kwanza, usivute kamwe zaidi ya uzito unaoutaka mwishoni. Upinde wa kilo 18 usionje kilo 19 hata ukiwa mnene na umevutwa sentimita 10 tu. Mizani ikisoma 18, simama hapo. Mvuto utaongezeka kadiri unavyokwangua. Ya pili, usivute zaidi ya pale kosa linapoonekana. Ukiona mahali pamepinda kupita kiasi kwenye mvuto wa sentimita 40, kuuvuta hadi 45 ili "uone vizuri" ni kupavunja tumbo hapo. Kosa la mpindo halijirekebishi kwa kuvutwa, linaongezeka.

Jicho linachoka, hasa jioni. Chukua kibao bapa cha sentimita 13, toboa katikati, ingiza penseli ikaze. Upinde ukiwa umetiwa upote, tumbo lina kibonde. Telezesha kibao juu ya tumbo, tafuta mahali pengo la katikati ni kubwa kuliko kwingine, rekebisha penseli ikaribie kugusa hapo bila kugusa. Kisha pita mkono mzima. Penseli itaandika pote palipo pagumu. Kwangua michoro hiyo, rudia. Sehemu ambazo hazikuandikwa usiziguse, hata kama zinakupa hamu.

Ncha zikisogea sentimita 15 kwa uzito ulioukusudia, tia upote mfupi, kimo (umbali kati ya upote na mshiko) kikiwa kidogo, sentimita 7 au 8. Hapo upinde unasema ukweli wake. Endelea sentimita 5 kwa 5. Mkono ukiwa na upana sawa hadi nusu kisha kuchongoka, mpindo uwe mviringo unaoendelea sawasawa, ukilegea kidogo kuelekea ncha. Robo ya mwisho iwe karibu imenyooka. Usiuache upinde umevutwa nguzoni ukienda kuchukua penseli. Sekunde chache zatosha.

Mkono wa chini uwe mgumu kidogo kuliko wa juu kwa wanaoshika upote kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini. Pima kutoka upote hadi tumboni mwisho wa mteremko: pengo la juu lizidi la chini kwa milimita 3 hadi 6. Wanaoweka vidole vyote vitatu chini ya mshale wasawazishe pengo. Tofauti hii inatokana na mahali mvuto unapoangukia, kwa hiyo mtu asikupe kipimo bila kukuuliza unavutaje.

Simama mvuto ukiwa pungufu kwa sentimita 5. Msasa, kuchongoa ncha na mishale ya mwanzo vitaondoa kilo moja au zaidi. Asiyeacha akiba hiyo hupata upinde mwepesi kuliko alioukusudia.

Upinde unapolalamika

Kiwiko ndilo kosa la kawaida: mahali pamoja pafupi panapinda kuliko pote. Paka chaki hapo, usipaguse tena, kwangua pande zake mbili hadi mpindo ujigawe. Uzito utapungua, hilo halikwepeki. Kama umepungua mno, kata sentimita 2 kila ncha. Utarudishiwa kiasi, mradi urefu bado unatosha mvuto.

Makunyanzi ni mistari myembamba inayokatiza tumbo kwa mlalo. Paka tumbo vumbi la mkaa, ufute, yataonekana. Nyuzi zimesagika kwa kugandamizwa. Yakiwa machache na mafupi, punguza sehemu za jirani zichukue mzigo, upinde utaishi. Yakipanga safu mkono mzima, umbo ni jembamba mno kwa mti huo.

Kibanzi kinachoinuka mgongoni kipimwe kwa urefu wake. Cha sentimita moja au mbili, kilicholala, kitie gundi nyepesi ya kupenya, ukifunge uzi wa kitani mkandamkanda na uupake gundi. Kirefu kinachoingia ndani ya mti hakina dawa ya kuaminika. Usimpe mtu upinde huo.

Mkono ukijinyonga, upote unaelekea upande dhaifu. Punguza upande wa pili, kidogokidogo, ukianzia pale unapoanza kujinyonga wala si nchani.

Ukivunjika kabisa, usitupe vipande kabla ya kuvisoma. Mpasuko mrefu wenye vibanzi vingi ulioanzia mgongoni unasema nyuzi zilikatwa au zilitoka ukingoni; rudi kuangalia pete. Mkatiko mfupi, karibu mlalo, safi kama karoti iliyovunjwa, unasema mti ulikuwa mkavu mno, umeungua kwa moto wa kunyooshea, au ulianza kuoza kabla ya kukatwa. Ukiona rangi ya kijivu au madoa kwenye kipande hicho, mapande mengine ya gogo hilo usiyapotezee muda. Mkatiko ulioanzia tumboni kwenye mstari wa mlalo ni makunyanzi yaliyokomaa bila mtu kuyaona. Na ukivunjika palepale penye kiwiko, mti hauna la kujibu.

Ncha, upote na mishale ya mwanzo

Mikato ya upote ichongwe kwa tupa ya duara, pembeni, kwa mshazari wa digrii 45, kina cha milimita 3. Usikate kuvuka mgongo. Kingo zizungushwe, kwa sababu pembe kali hukata upote. Ukibandika kipande cha pembe au mti mgumu juu ya ncha, unaweza kukata mikato ndani yake na kuuchongoa mti hadi sentimita moja. Ncha nyepesi hurusha haraka. Gramu chache zikiondolewa huko zinafaa kuliko kuondolewa kwingine kokote.

Kwa upote, nyuzi za poliesta za pinde ndizo salama. Nguvu yake yote isipungue mara 4 ya uzito wa mvuto: uzi mmoja ukivumilia kilo 22 hivi, nyuzi 12 zinatosha kabisa na unene wake unakaa vizuri kwenye mshale. Paka nta ya nyuki, sokota vifungu viwili, kila kimoja kulia na vyote pamoja kushoto, kitanzi nchani. Naironi inanyumbuka, kila mshale kimo kinashuka. Nyuzi za kisasa zisizonyumbuka hupiga ncha kwa ukali, kwa hiyo usizitumie kwenye ncha ambazo hazijaimarishwa. Urefu wa upote uwe pungufu ya mkato hadi mkato kwa sentimita 7 au 8, upate kimo cha sentimita 15 hadi 17. Ngumi iliyowekwa mshikoni na kidole gumba kikasimamishwa hufika karibu hapo, ukiwa huna rula.

Kabla ya vanishi piga mishale 100 ya mvuto pungufu, ukiongeza hadi mvuto kamili, ukikagua mgongo na tumbo kila baada ya 20. Vua upote, pima mara moja upinde umelala kiasi gani kwa kunyoosha uzi ncha hadi ncha. Sentimita 2.5 hadi 4 ni kawaida. Ikizidi 5, angalia unyevu wa mti kabla ya kulaumu umbo. Sawazisha kasoro zilizojitokeza, pitisha msasa, kisha mafuta au vanishi mara tatu, ncha zikiwa za kwanza.

Usiachie upote bila mshale. Nguvu ambayo mshale ungeibeba hurudi yote mikononi mwa upinde. Vua upote kila unapomaliza. Upinde ukae mlalo juu ya vigingi viwili, mbali na jua na jiko, usiegemezwe pembeni ya ukuta ambako uzito wake wenyewe unaukunja. Upinde ukipoteza nusu kilo ya mvuto msimu wa unyevu, uache ulivyo. Ukiuanika juani uurudishe haraka, uso utakauka kabla ya ndani, na nyufa zitaanza mgongoni.